Pampu ya moyo na maana mbili za daraja

Kwa miezi 20, kuanzia Julai 2010, mtu aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani aliishi bila mapigo ya moyo yanayohisika mkononi. Dick Cheney alikuwa ameshapatwa na shambulio la moyo mara tano, la kwanza akiwa na miaka 37, na safari hii moyo wenyewe ulikuwa umeishiwa nguvu. Madaktari wakampasua kifua na kumwekea pampu ndogo inayozunguka usiku na mchana. Damu ikawa inatiririka mwilini mfululizo kama maji ya bomba, haidundi. Machi 2012, akiwa na miaka 71, alipandikizwa moyo wa mtu aliyefariki. Akaishi nao mpaka Novemba 2025, akafa na miaka 84.

Huhitaji kumpenda Cheney, na wanaokumbuka vita vya Iraki wengi wao hawampendi, ili ukubali kwamba miaka hiyo 15 ni ya ajabu. Mtu aliyekuwa ukingoni mwa kaburi alivushwa.

Kuvushwa ndilo neno lenyewe. Madaktari wa moyo huiita pampu ya namna hii daraja: upande huu kuna moyo ulioshindwa kazi, upande ule kuna moyo wa mchangiaji ambao haujulikani utapatikana lini. Kiswahili kimetupa bahati hapa, kwa sababu neno hilohilo lina maana ya pili ambayo madaktari wa Houston na Berlin hawaipati katika lugha zao. Daraja ni ngazi pia. Aliyepanda treni ya Reli ya Kati anajua daraja la kwanza na daraja la tatu hufika kituo kimoja, lakini hawasafiri sawa. Kadiri pampu ilivyozidi kuwa kivuko imara, aliyeibeba amezidi kushushwa daraja kwenye foleni ya kungojea moyo. Naamini sehemu kubwa ya ugomvi wa leo kuhusu vifaa hivi inatoka hapo.

Kwanza tuione pampu yenyewe. Moyo una vyumba vinne, na mzigo mkubwa unabebwa na kile cha chini kushoto, kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Mpasuaji hutoboa ncha ya chumba hicho na kuingiza mdomo wa pampu. Bomba laini hutoka kwenye pampu na kuunganishwa na aota, mshipa mkuu wa damu. Moyo wenyewe haung'olewi, unabaki palepale ukijikokota. Waya mmoja hutokeza tumboni kupitia ngozi na kuishia kwenye kiboksi cha kuongozea kinachofungwa kiunoni, nacho hupata umeme kutoka kwenye betri mbili. Katika HeartMate 3, ambayo ndiyo inayotawala soko leo, sehemu inayozunguka inaelea katikati ya sumaku, haigusani na chochote, ikienda mizunguko 5,000 na ushei kwa dakika. Inaweza kusukuma hadi lita 10 za damu kwa dakika. Kila baada ya sekunde mbili hubadili mwendo kwa makusudi, inapunguza kisha inaongeza, ili damu isizubae pembeni ikaganda.

Ilichukua muda kufika hapo. Mwaka 1966, huko Houston, Michael DeBakey alitumia pampu iliyokaa nje ya mwili kumsaidia mwanamke mmoja kwa siku 10 baada ya upasuaji, mpaka moyo wake ukarudi na nguvu zake. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1967, Christiaan Barnard akapandikiza moyo wa kwanza wa binadamu jijini Cape Town. Aliyepandikizwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Papo hapo foleni ikazaliwa, maana sasa kulikuwa na kitu cha kungojea. Na Aprili 1969 Denton Cooley, hukohuko Houston, akamwekea Haskell Karp moyo mzima wa bandia kwa saa zipatazo 64 wakati moyo wa mtu ukitafutwa. Moyo ulipatikana, lakini Karp alifariki siku chache baada ya yote hayo kuanza. Wazo la daraja lilikuwa limeshapata mwili, ingawa daraja lenyewe lilikuwa la kamba.

Mwaka 2001 utafiti mmoja wa Marekani ulitoa matokeo ya wagonjwa 129 ambao hali zao haziruhusu kupandikizwa. Waliowekewa pampu za kizazi kile, zile kubwa zilizodunda kama moyo, asilimia 52 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Waliobaki na dawa peke yake, asilimia 25. Baada ya miaka miwili waliobaki hai kati ya wenye pampu walikuwa asilimia 23 tu. Sasa linganisha na utafiti wa HeartMate 3 uliohusisha watu 1,028, ukiipima dhidi ya HeartMate II, pampu ya aina aliyowekewa Cheney. Baada ya miaka mitano, si miwili, walioishi walikuwa asilimia 58 kwa pampu mpya na 44 kwa ile ya zamani. Kamba imekuwa chuma na zege.

Lakini maisha ya juu ya daraja yana kanuni zake, na hapa ndipo wanaoandika habari za miujiza hupita haraka mno. Mwenye pampu hawezi kuogelea. Kuoga kwenyewe kuna mfuko maalumu wa kukinga betri na kiboksi. Usiku hujiunganisha na umeme wa ukutani, akilala huku waya ukitoka tumboni hadi kwenye soketi, akijigeuza kwa uangalifu asije akauvuta. Betri mbili zilizojaa humpeleka hadi saa 17, kwa hiyo kila safari huanza na swali la betri za akiba na kiboksi cha akiba. Mahali waya unapotokea ni kidonda cha kudumu, kinasafishwa na kufungwa upya mara kwa mara, na vijidudu vikipenya hapo vinaweza kufuata waya mpaka kwenye pampu. Presha yake haipimwi vizuri kwa mashine ya kawaida, kwa sababu mashine hiyo inasubiri mdundo ambao haupo. Akianguka barabarani, msamaria mwema atakayemshika mkono atadhani amekufa. Chama cha moyo cha Marekani kililazimika kutoa mwongozo mwaka 2017 kueleza lini mtu wa namna hii akandamizwe kifua, maana hata wahudumu wa gari la wagonjwa walikuwa hawana uhakika.

Kisha kuna damu. Pampu ni chuma ndani ya mwili, na damu ikikutana na chuma hutaka kuganda. Kwa hiyo mgonjwa anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, akipimwa damu mara kwa mara, nyepesi isizidi na nzito isizidi. Wakati huohuo mzunguko wa pampu hukatakata protini inayosaidia damu kuganda pale panapohitajika. Matokeo yake mtu yuleyule anakaa katikati ya hatari mbili zinazopingana: kiharusi cha damu iliyoganda, na kuvuja damu tumboni. Kwa miaka mingi aspirini iliongezwa juu ya warfarini karibu kwa kila mgonjwa, zaidi kwa mazoea kuliko kwa ushahidi. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba ukiiondoa kwa wenye HeartMate 3, kuvuja damu kunapungua wala hatari ya kuganda haiongezeki.

Nimelitaja hilo la aspirini kwa sababu linagusa foleni moja kwa moja. Anayevuja damu huongezewa damu. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za wengine, na kila kingamwili mpya huondoa wachangiaji fulani kwenye orodha ya wanaomfaa. Mgonjwa aliyekuwa anaweza kupokea moyo wa karibu yeyote wa kundi lake, baada ya miaka mitatu juu ya daraja anajikuta anafaa kupokea wa wachache sana. Kama ni wa kundi O, hali ni ngumu zaidi tangu mwanzo, kwa kuwa moyo wa O unaweza kupewa wa makundi mengine lakini yeye hupokea wa O peke yake. Ng'ambo ya mto inasogea mbali kadiri unavyotembea.

Sasa tuje kwenye daraja la pili. Hadi mwaka 2018 Marekani iligawa wanaongojea moyo katika makundi machache, na la juu kabisa likiwa moja. Kila aliyewekewa pampu alipewa siku 30 za kukaa kwenye kundi hilo la juu, siku ambazo daktari alichagua azitumie lini. Walijazana. Aliyelala mahututi kwenye mashine ya kuzungusha damu nje ya mwili, mwenye saa au siku za kuishi, alikaa msitari mmoja na mtu aliyefika kliniki akiendesha gari lake. Hilo halikuwa haki, na waliosema libadilishwe walikuwa sahihi. Oktoba 2018 yakaja madaraja sita. Aliye kwenye mashine ya nje ya mwili akawekwa la kwanza. Aliyewekewa puto la kusaidia moyo, linaloingizwa kwa kawaida kupitia mshipa wa paja, au pampu ndogo ya muda, akawekwa la pili. Mwenye pampu ya kudumu aliyetulia akapelekwa la nne, na zile siku 30 zikawa za daraja la tatu.

Waswahili husema kutangulia si kufika. Kwenye foleni hii kutangulia ndiko kufika, kwa sababu walio la pili hupata moyo mara nyingi ndani ya siku au wiki chache, na mioyo inayobaki kushuka mpaka la nne ni michache.

Kosa la kanuni hiyo, kwa maoni yangu, si nia yake. Kosa ni kwamba ilipima shida ya mgonjwa kwa kuangalia mashine aliyofungiwa. Mashine huchaguliwa na daktari. Jiweke nafasi yake: mgonjwa wa miaka 45, moyo umechoka, dawa za mishipani zinaanza kushindwa. Ukimwekea pampu ya kudumu atapona majeraha, atarudi nyumbani, atacheza na watoto, na atakuwa daraja la nne kwa muda usiojulikana. Ukimwingizia puto atalala chumba cha wagonjwa mahututi, hatoki kitandani, lakini yuko daraja la pili na moyo unaweza kuja wiki ijayo. Daktari anayechagua puto si mdanganyifu, anamtetea mgonjwa wake kwa sheria aliyopewa. Na ndivyo ilivyokuwa. Muda mfupi baada ya kanuni kuanza, matumizi ya puto kama njia ya kuelekea kupandikizwa yaliruka, na pampu za kudumu zikapungua kwa waliokuwa wanangojea moyo. Wasimamizi wa foleni walikuja baadaye kukaza masharti ya nani anastahili puto, jambo linaloonyesha kwamba nao waliona mlango ulipoachwa wazi.

Waliobaki na pampu ni akina nani, basi? Kwa miaka ya karibuni zaidi ya robo tatu ya pampu mpya Marekani zinawekwa kwa watu ambao hazikusudiwi kuwavusha popote. Pampu ndiyo tiba yao ya mwisho, watakaa nayo maisha. Desemba 2020 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, iliacha kutofautisha katika malipo kati ya pampu ya kuvukia na pampu ya kukaa nayo, kwa sababu katika maisha halisi watu huhama upande mmoja kwenda mwingine. Mlipaji aliona kwamba daraja limejengwa nyumba juu yake. Foleni inaendelea kulihesabu kama njia ya kupita tu.

Ujerumani inaonyesha foleni hii ikiachwa miaka mingi inafikia wapi. Wachangiaji wa viungo huko ni wachache. Januari 2020 bunge lao lilikataa pendekezo la kumhesabu kila mtu kuwa mchangiaji isipokuwa aliyekataa mwenyewe. Kwa hiyo kupata moyo karibu lazima uwe kwenye orodha ya dharura kuu, na mwenye pampu iliyotulia hayumo. Anaingia akipata tatizo: maambukizi mabaya ya waya, pampu kuganda damu. Marekani nako tatizo humpandisha mtu daraja. Fikiria maana yake kwa anayelala na waya tumboni. Kidonda chake kikinuka, hiyo ni habari mbaya na tiketi kwa wakati mmoja, na tiketi inakuja mwili ukiwa umeshadhoofika, huku upasuaji mkubwa ukimsubiri.

Kuna watakaonijibu kwamba pampu sasa ni nzuri kiasi kwamba kukaa nayo si adhabu. Nusu ya jibu hilo nalikubali. Ila miaka miwili ya mwanzo ndiyo pampu hukaribiana na moyo uliopandikizwa, kisha njia zinaachana: nusu ya wanaopandikizwa huishi zaidi ya miaka 12 hivi, na huoga baharini.

Tena pampu ni bidhaa, ina mwenyewe. Juni 2021 kampuni ya Medtronic ilisitisha uuzaji wa HVAD, pampu iliyokuwa mshindani mkuu, baada ya kuonekana kwamba wenye kuitumia walipata kiharusi zaidi na kwamba nyingine zikizimika zilichelewa au zilikataa kuwaka tena. Maelfu ya watu walikuwa nazo vifuani siku hiyo. Kuzitoa kulikuwa na hatari kuliko kuziacha, hivyo waliambiwa wakae nazo wakifuatiliwa. Soko la pampu za kudumu za watu wazima likabaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Abbott, iliyoipata HeartMate kwa kuinunua kampuni ya St. Jude mwaka 2017. Kivuko kikiwa kimoja mtoni, nauli anapanga mwenye mtumbwi, na mtumbwi ukitoboka hakuna mwingine.

Daraja lina mlango pia, na mlangoni kuna swali ambalo halihusu moyo kabisa: nyumbani unaishi na nani? Hospitali za Marekani kabla ya kumkubali mtu kwa pampu au kwa kupandikizwa huangalia kama ana mtu wa kumtunza, atakayejifunza kubadilisha kiboksi, kufunga kidonda, kuitikia king'ora usiku wa manane. Wanaangalia umeme wa uhakika, simu, usafiri. Ni masharti yenye akili, maana kengele ya betri ikilia na mtu yuko peke yake amezimia, pampu bora duniani haimsaidii. Ila mjane anayeishi peke yake, au mhamiaji ambaye ndugu zake wote wako Kigoma na Bujumbura, anaweza kufungiwa mlango huo bila mtu kumwambia neno baya. Kwetu mgonjwa hulazwa na ukoo. Kule ukoo unakuwa sharti la tiba, na asiyekuwa nao hapewi wa kuazima.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza haya yanamhusu nini. Kusini mwa Sahara upandikizaji wa moyo umebaki jambo la Afrika Kusini, palepale ulipoanzia, na taasisi kama ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili zina kazi tele ya kuziba matundu ya mioyo ya watoto na kubadilisha vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Utafiti wa wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, uliwakuta wagonjwa wa moyo ulioshindwa kazi wana wastani wa miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Wengi wao walikuwa bado vichwa vya familia. Kwa nchi isiyo na foleni ya kupandikiza, pampu ni daraja lisilo na ng'ambo. Ingebidi iwe makazi tangu siku ya kwanza, katika mji ambao umeme hukatika na kipimo cha warfarini kiko hospitali ya mkoa. Sioni aibu kusema fedha hizo kwa sasa ziende kwenye vidonge vya presha na sindano za penisilini. Siku pampu itakapofika, nayo itafika, ije ikiitwa kwa jina lake.

Jina ndilo ninalolidai hata kwa Wamarekani. Mgonjwa anayetia saini fomu ya upasuaji leo bado anaweza kuambiwa anawekewa daraja la kumfikisha kwenye moyo mpya. Mkweli angemweleza kwamba akitulia, kusubiri kwake kunaweza kuwa kwa miaka. Kwamba damu atakayoongezewa inaweza kupunguza mioyo inayomfaa. Na kwamba puto lingemweka mbele ya foleni, kwa bei ya kulala mahututi. Baada ya hapo achague yeye.

Mwaka 2025 wasimamizi wa foleni ya Marekani walipeleka kwa umma pendekezo la kumpandisha daraja aliyekaa na pampu kwa miaka mingi, kwa sababu ya miaka yenyewe, hata kama kidonda chake hakijanuka. Ni mara ya kwanza naona muda wa mtu huyu ukihesabiwa kuwa ni shida. Idadi ya miaka inayotakiwa ni kubwa mno kwa maoni yangu. Katika utafiti ule wa HeartMate 3, watu 42 kati ya kila 100 walikuwa wameshafariki ifikapo mwaka wa tano.